MJADALA: Waliompinga Hus walikuwa na hoja, au walikuwa na kuni tu?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikitajwa habari ya Jan Hus, padri na mhubiri Mcheki wa Praha aliyehukumiwa kuwa mzushi, tunaishia kwenye moto wa Konstanz (Ujerumani), 6 Julai 1415, alipochomwa. Nadra mtu kuuliza wanateolojia waliompinga yeye na wafuasi wake waliandika nini hasa.

Naweka msimamo wangu mapema ili nipigwe mawe tukiwa bado na nguvu: hoja walikuwa nazo, tena nzito, ila si pale wengi wanapodhani. Kwenye suala la kikombe, yaani kama walei (waamini wasio makasisi) wapewe na divai ya ekaristi, walipwaya. Kwenye swali la nani mwenye haki ya kufasiri Maandiko, waliwabana Wahus kisawasawa.

Tuanze na kikombe. Mwaka 1414 huko Praha, Jakoubek wa Stříbro alianza kuwapa walei divai pamoja na mkate, akishikilia Yohana 6:53: "Msipoula mwili wake Mwana wa Adamu na kuinywa damu yake, hamna uzima ndani yenu." Juni 1415 Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Konstanz ukapiga marufuku. Sasa someni tamko lenyewe. Linakiri kwamba Kristo aliiweka sakramenti hii katika maumbo yote mawili (mkate na divai), na kwamba waamini wa Kanisa la mwanzo walipokea hivyo hivyo. Kisha linasema: pamoja na hayo, desturi iliyokuja baadaye ishikwe kama sheria. Wakili akikuandikia utetezi wa namna hiyo unabadilisha wakili.

Mwaka 1417 Jean Gerson wa Chuo Kikuu cha Paris akaandika kuutetea uamuzi huo. Alitaja hatari chungu nzima: divai itamwagika, itashika kwenye ndevu ndefu za walei, itageuka siki, itagharimu fedha nyingi. Na nyingine: mlei atajiona ana hadhi sawa na padri mbele ya altare. Hiyo ya ndevu nilicheka. Hii ya hadhi sikucheka, maana nadhani ndiyo iliyokuwa moyoni.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umemwonea Gerson. Umeokota makombo ukaacha mlo. Mimi Mkatoliki, na katekisimu niliyofundishwa utotoni ilisema kile kile: Kristo mzima, mwili na damu, yumo katika kila umbo. Tomaso wa Akwino alishayafundisha hayo zaidi ya miaka mia kabla ya Hus. Kwa hiyo anayepokea mkate peke yake hajapunjwa kitu.

Halafu angalia Yohana 6:53 inakupeleka wapi ukiishika neno kwa neno. Kama asiyekunywa hana uzima, basi na mtoto mchanga anywe. Jakoubek na wenzake walifika huko kweli, wakawapa watoto wachanga ekaristi. Gerson aliuliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu jepesi: andiko halijisomi lenyewe, sasa msomaji ni nani?

Mchangiaji wa tatu

Msomaji ni yule mwenye askari, ndugu yangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Hus alikwenda Konstanz na hati ya usalama ya mfalme Sigismund, wakamtia ndani. Akatakiwa akane mafundisho ambayo mengine alisema hajawahi kuyafundisha. Mnataka tujadili ubora wa hoja za watu waliokuwa wameshika funguo za gereza? Na msisahau Štěpán Páleč, rafiki yake wa tangu chuoni. Walisimama pamoja mpaka 1412, Papa Yohane XXIII (si yule wa karne ya ishirini; huyu leo Kanisa halimhesabu kuwa papa halali) alipotangaza rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi kwa wanaochangia, ili kugharamia vita dhidi ya Ladislaus wa Napoli. Hus akapinga, Páleč akarudi nyuma, na baadaye akawa miongoni mwa washitaki wake.

Mleta mada

Ya Páleč nakubali, yanauma. Ila uyamalizie: Hus alipokuwa kifungoni alimwomba Páleč huyo huyo awe muungamishi wake, na Páleč alipokwenda kumwona, walilia wote wawili. Hawakuwa vibaraka tu wale. Páleč aliamini kwa dhati kwamba Hus, akisema Kanisa ni jumla ya walioteuliwa na Mungu, anawaacha watu bila Kanisa wanaloweza kuliona, maana nani anajua aliyeteuliwa? Hiyo ni hoja.

Na Konstanz si mwisho wa habari. Mwaka 1433 Wahus walialikwa kwenye mtaguso mwingine, wa Basel, wakaingia mtagusoni huru, Prokop Holý jemadari wao akiwemo. Jan Rokycana, padri wao, akatetea kikombe. Akajibiwa na Yohane wa Ragusa, mtawa wa shirika la Wadominiko upande wa Wakatoliki, ambaye alizungumza siku nane! Prokop alilalamika kwamba msemaji yule anawaita wazushi kwa kuzunguka. Peter Payne, Mwingereza wa upande wa Wahus, akapambana na Juan Palomar juu ya mali za makasisi. Ni miezi ya mabishano ya wazi, na hakuna aliyechomwa.

Mchangiaji wa tatu

Na kwa nini walialikwa? Agosti 1431 jeshi la vita vya msalaba lililotumwa kuwapiga Wahus lilitimua mbio huko Domažlice, Bohemia, kabla hata ya kupigana sawasawa, kardinali Cesarini akaacha nyuma mpaka kofia yake. Mwaka uliofuata, mjini Cheb, wakakubali mabishano yaamuliwe kwa Maandiko na desturi ya Kanisa la mwanzo. Miaka kumi na saba kabla walimchoma mtu aliyetaka ashawishiwe kwa Maandiko. Kilichobadilika ni teolojia, au ni mizinga ya Wacheki?

Mchangiaji wa pili

Mizinga iliwaleta mezani, sikatai. Ila waliokuja mezani walikuja wamesoma. Yohane wa Ragusa alitoka pale akaandika kitabu kizima juu ya Kanisa ni nini, jambo ambalo wanateolojia wengi kabla yake walikuwa hawajalishughulikia kwa mpango. Wahus walilazimisha swali, Wakatoliki wakalifanyia kazi.

Mleta mada

Hapo nakuunga mkono, na hapo hapo ndipo ninapokwama. Mapatano ya 1436 kati ya mtaguso wa Basel na Wahus yaliwaruhusu Wacheki kikombe. Mwaka 1462 Papa Pius II akayafuta. Na huyo Pius, katika ujana wake, alikuwa karani kwenye mtaguso huo huo wa Basel. Mchangiaji wa pili, hili unalijibuje?