Naomba ushauri: Hamburg hadi Nordkapp kwa gari, siku 16 zinatosha?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa waliowahi kuendesha gari huku kaskazini.

Juni hii mimi, mke wangu na watoto (miaka 4 na 7) tunatoka Hamburg, tunavuka Denmark na daraja la Øresund, tunapanda Uswidi hadi Nordkapp, rasi iliyo kaskazini mwa Norwei, kisha tunarudi kupitia visiwa vya Lofoten na mji wa Bergen. Ni zaidi ya kilomita 6,000. Nimegawa kilomita 400 kwa siku, ila barabara za Norwei mwendo ni 80 kwa saa, na mapumziko hayabaki kabisa. Nawaonea huruma watoto, tena usiku jua halizami.

Je, niikate Nordkapp nibaki na Lofoten? Na feri ya kutoka Moskenes huko Lofoten kwenda Bodø, bara, mlikata tiketi mapema au palepale bandarini?