Baada ya Chandra, darubini gani ya eksirei inafuata?

Mtazamaanga:
Wakuu naombeni mnisaidie. Chandra ilirushwa Julai 1999, XMM-Newton ikafuata Desemba mwaka huohuo, yaani hizi mbili tunazozitegemea sana kwa eksirei zina zaidi ya miaka 25 huko juu. Zikizimika itakuwaje? Na kwa nini isijengwe tu moja kubwa juu ya mlima tuachane na mambo ya roketi?

Kimondo7:
La mlima sahau mkuu, hewa inazimeza eksirei zote zinazotoka angani kabla hazijafika chini. Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kuonekana nje ya mfumo wa jua, mwanafizikia Giacconi na wenzake walikigundua 1962 kwa vifaa vilivyopandishwa na roketi vikakaa juu dakika chache tu vikarudi. Halafu kioo chenyewe si cha kawaida, eksirei ikikipiga uso kwa uso inazama humohumo, mpaka ije kwa kuparaza, kama kijiwe bapa kinavyodunda juu ya maji. Ndo maana vioo vyake vinafanana na mapipa yaliyochomekwa moja ndani ya jingine.

Bintinyota:
Naongezea hapo, maana wengi wanadhani darubini mpya lazima iwe na picha kali zaidi. XRISM ya Japan, iliyorushwa Septemba 2023, kwa picha haiifikii Chandra hata kidogo, ila kifaa chake kinaitwa Resolve kinapima kajoto kanakoongezeka kila chembe moja ya eksirei inapogonga, kwa hiyo inabidi kipoozwe hadi 0.05 ya digrii juu ya sifuri halisi!! Faida yake, kajoto hako kanaonyesha nishati ya kila chembe, na kutokana na nishati hiyo unajua gesi inakwenda kasi gani. Hitomi iliyoitangulia ilipima gesi ya kundi la galaksi la Perseus, mamilioni ya digrii, shimo jeusi katikati linaichokoza, na bado ikakuta mvurugiko wa kilomita kama 164 tu kwa sekunde, shwari kuliko wengi walivyotegemea. Machi 2016 ikajizungusha vibaya ikasambaratika, wiki chache tu tangu irushwe, mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mtazamaanga:
Duh. Sasa hakuna inayofanya yote mawili, picha na kasi?

Kimondo7:
NewAthena ya ESA, shirika la anga la Ulaya, ndo inalenga huko, kamera ya eneo pana pamoja na kipima joto cha aina ya Resolve lakini chenye pikseli nyingi zaidi, vioo vya silikoni, mpango ni 2037. Kwa ukali wa picha lakini mrithi halisi wa Chandra ni AXIS, Oktoba 2024 NASA iliichagua ichunguzwe pamoja na PRIMA, darubini ya mwanga wa infraredi, mradi mmoja tu kati ya hiyo miwili ndo urushwe 2032. Mimi naitaka AXIS kwa moyo wote, Chandra ni kali katikati tu, ukienda pembeni picha inatanuka, AXIS imebuniwa ibaki kali karibu uwanja mzima.

Bintinyota:
Na pengo likitokea kuna vitu havirudiwi. Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, Chandra inaipiga picha tangu 1999, ukizipanga kwa mfuatano unaona kabisa vipande vinasogea. Miaka usiyopiga huipati tena.

Mtazamaanga:
Nazitafuta hizo picha usiku huuhuu. Asanteni sana.