Fundi bustani kanimwagisha maji wiki kibao, kumbe funza wanakula mizizi chini

Wakuu ngoja niteme hii nyongo hapa maana nikikaa nayo nitagombana na watu wa nyumbani bure.

Nyasi zangu zilianza kuweka mabaka ya njano, madogo tu, kama mtu kamwagia maji ya moto. Nikamuita huyu jamaa anayejiita mtaalamu wa bustani, kaja kasimama pale mikono mfukoni, hakuinama hata sekunde moja, "bosi hiyo ni kiu tu, ongeza maji". Haya nikaongeza, kila jioni nipo na mpira kama mlinzi wa zamu. Mabaka yakaungana. Akarudi akasema basi ni fangasi, akapuliza dawa ya fangasi, hela ikaenda. Safari ya tatu mbolea, hela tena. Na zote hizo bado hajainama!!

Halafu ndege. Kila asubuhi wamejaa pale wanachokonoa mpaka wanang'oa vipande, na mimi kwa akili zangu timamu nawafukuza na mawe nikijua wao ndio waharibifu, kumbe maskini ndio pekee waliokuwa wanafanya kazi niliyomlipa fundi.

Aliyegundua ni mwanangu. Alikuwa anacheza akavuta nyasi, pande zima likanyanyuka kama mkeka, chini hakuna mzizi hata wa dawa. Nikafukua kidogo kwa mkono, funza weupe wanene wamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita imebanana huku mbele karibu na kichwa, mkiani kweusi kweusi lile tope walilokula linaonekana ndani ya ngozi. Nilisisimka mwili mzima. Na ndio maana nikikanyaga pale palikuwa panabonyea kama godoro, mi nikadhani ni maji yamezidi.

Hawa ni watoto wa mbawakavu, wale wanaogongagonga kwenye taa usiku. Mama anataga kwenye udongo, mayai yakianguliwa watoto kazi yao ni mizizi tu. Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko hela: mayai yale yanataka unyevu, udongo ukiwa mkavu sana mengi yanakufa, na mbawakavu wenyewe wanapenda kutaga palipo pabichi. Kwahiyo ule ushauri wa "ongeza maji" kama ulikutana na msimu wao wa kutaga basi mimi nilikuwa nawatandikia kitanda!!

Na kupima wala sio sayansi ya roketi. Shika nyasi uvute. Za kiu zinashikilia, za fangasi mara nyingi utaona majani yana madoa ila mizizi ipo, za funza zinakuja bila ubishi. Ukitaka uhakika kata mraba wa futi moja pande tatu, kunja kama jalada la daftari, fukua sentimita 5 mpaka 8 uhesabu funza. Chini ya 5 nyasi zenye afya zinavumilia, zikilishwa na kumwagiliwa vizuri zinapona zenyewe wala usipoteze dawa. Ukikaribia 10 ndio uchukue hatua. Halafu usichimbe katikati ya baka lililokufa, pale chakula kimeisha washahama, chimba pembeni njano inapokutana na kijani. Mimi nilihesabu 17 kwenye mraba mmoja.

Nikampigia. Safari hii kaja na dawa ya punje, kaimwaga saa saba mchana jua kali, udongo mkavu, kaondoka bila kumwagilia. Dawa ya punje lazima maji yaishushe mpaka kwenye mizizi, ikibaki juu ya majani funza anaisikia kwenye redio tu. Na pale kati ya nyasi kuna vimaua nyuki wanashinda hapo, hakusema hata nivifyeke kwanza. Isitoshe funza wenyewe washakuwa wakubwa, hawa ni wagumu kufa, dawa inawapata vizuri wakiwa bado wadogo, na wakikaribia kugeuka mbawakavu hata kula wanaacha, sasa unamlisha nani sumu?

Dozi nyingine ya hiyo dawa sitaki. Nimewaokota kwa mkono waliokuwa juu juu, yale mapande yenye mizizi nimeyarudisha nikayakandamiza na kuyamwagilia, palipokufa kabisa nitapanda upya. Kizazi kijacho kikianguliwa nitawawekea vile vijinyoo vya nematodi vinavyomuingia funza na kumuua, vinawekwa jioni kwenye udongo uliolowa maana jua linaviua. Kama kuna mdau ashavitumia aje hapa aniambie alivihifadhi vipi kabla ya kuviweka.

Jana fundi katuma meseji anauliza aje lini kuongeza mbolea. Sijaandika neno, nimemtumia picha ya kopo la funza. Ameiona, tiki za bluu hizi hapa, kimya mpaka sasa.