Dawa iliyosaidia panya: tumpe mtoto mwenye usonji?

Mama wa Pasua:
Ndugu wazazi, habari za jioni. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi wa watoto wenye usonji hapa Moshi. Baba mmoja akasimama, akasema kila usiku anampa mwanawe robo kidonge cha klonazepamu, dawa ya kifafa inayotuliza ubongo, alichonunua bila cheti cha daktari, kwa sababu utafiti umeonyesha inasaidia. Kabla hajakaa, watu walishaanza kumuuliza bei. Nimerudi nyumbani sina amani, kwa hiyo nauliza hapa mbele ya wote: ni sawa?

Nimeutafuta huo utafiti nikausoma. Upo, na si wa kubeza. Ubongo una seli zinazochochea na seli zinazotuliza, na za kutuliza hutumia kemikali iitwayo GABA. Fikirieni gari linaloteremka kutoka Marangu na breki hazishiki sawasawa. Mwaka 2003 Rubenstein na Merzenich wa Marekani walitoa hoja kwamba katika aina fulani za usonji breki ndizo zilizolegea. Baadaye William Catterall na wenzake, kule Seattle, wakachunguza panya wa ukoo wa BTBR, ambao huwakwepa wenzao na kujisafisha manyoya bila kukoma. Wakakuta ishara za kutuliza zimepungua kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Walipowapa klonazepamu, ambayo huiongezea GABA nguvu, tena kidogo sana, kiasi kisicholevya, panya wale wakaanza kuwasogelea wenzao. Hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Yule baba aliishia hapo. Mimi niliposoma mbele ndipo nikaogopa. Dozi ilipopanda, faida ikapotea. Na zolpidemu, dawa ya usingizi inayofanya kazi kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea GABA hiyo hiyo, ila vya aina nyingine, iliwazidishia panya kujitenga. Wenzetu walipima kwa mizani ya maabara, sisi tunakata kidonge kwa wembe juu ya meza ya chakula. Nani anajua robo ya leo inalingana na ya jana? Nasema hapana, na vile vidonge vitupwe leo hii.

Baba wa Kiboriloni:
Dada, ni mimi, na sijakukasirikia. Mwanangu ana miaka saba. Halali, anajigonga kichwa ukutani mpaka anavimba. Mazoezi ya usemi tuliacha, nauli ilinishinda. Watoto wenye kifafa wanapewa klonazepamu na fenobabitoni, na hakuna anayewanyooshea wazazi wao kidole. Kwa nini mimi? Na majaribio ya dawa hii kwa watoto wenye usonji niyasubiri mpaka lini?

Mwalimu wa elimu maalumu:
Baba, pole sana. Naomba nikuulize jambo moja: tangu uanze, anakuja kukaa karibu na wewe, au amenyamaza tu? Niliwahi kuwa na mtoto darasani aliyesinzia asubuhi nzima, nyumbani wakifurahi kwamba ametulia. Herufi alizokuwa ameanza kuzitambua zikampotea.



Mama wa Rau:
Mimi nina uchungu mwingine. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapa tangu 1971, na tafiti za tiba zinafanyika. Kwa nini watoto wetu wenye usonji wasiwemo? Tukikataa kila kitu tutabaki na wembe na robo kidonge.

Mfamasia:
Mama wa Rau, hoja yako ni ya haki, ila majaribio kwa watoto yamekuwapo na yamefundisha mengi. Bumetanaidi, dawa ya kukojoza, ilitarajiwa kuipa GABA nguvu yake ya kutuliza. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2017, wenye watoto 88, ulitia moyo. Wakaenda kwenye majaribio makubwa ya watoto zaidi ya 400, na mwaka 2021 yakasitishwa: waliopewa dawa hawakuwazidi waliopewa dawa tupu ya kulinganishia. Usonji wa watoto hautokani na chanzo kimoja, ilhali panya wa ukoo mmoja wanafanana kama mapacha. Kuhusu kifafa, baba, pale daktari anapima uzito, anahesabu degedege, anarekebisha dozi. Wewe umeachiwa kazi hiyo peke yako.

Mama wa Pasua, nawe hapo mwisho umekosea, na ni hatari. Klonazepamu ikishazoeleka mwilini haikatwi ghafla. Inaweza kuleta degedege hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa nalo. Inapunguzwa polepole, chini ya daktari. Baba, ni muda gani sasa?

Mama wa Pasua:
Nimekuelewa, ahsante. Baba, nafuta neno langu. Usitupe.

Baba wa Kiboriloni:
Miezi minne. Naogopa daktari atanifokea mbele ya mtoto.

Mama wa Pasua:
Basi twende wote Jumatatu. Mimi nitajibu maswali, wewe mshike mtoto. Beba na kile kipakti, aone jina na miligramu. Saa moja na nusu asubuhi nitakuwa stendi.