Kuvua kwa mshipi Ghuba ya Chwaka wakati wa matlai

Mgeni wa Ghuba: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kaskazi imepungua na kusi haijashika, nami ninakusudia kwenda Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, mwanzoni mwa Aprili kuvua kwa mshipi ndani ya ghuba, katika ngalawa ya mwenyeji mmoja. Ninawatafuta hasa changu na tasi. Je, nichague siku kwa kutazama upepo au maji, na mvua za masika huharibu uvuvi?

Mwana wa Marumbi: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Hesabu mwezi kwanza, kisha ndipo utazame upepo. Utulivu wa matlai, yaani kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, huwavutia wengi kutoka siku yoyote, ilhali majira hayohayo, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, ndiyo yenye bamvua kubwa zaidi za mwaka, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na nyasi tupu, na chombo kilichochelewa hukaa juu ya fungu mpaka maji yarudi. Kwenye mlango wa ghuba nako mkondo hukokota mshipi hata ukiongeza chubwi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi, na chambo hakitulii chini. Mimi ningechagua maji mafu, yaani siku zinazofuata tarehe 8 au 22 ya mwezi mwandamo, ambapo maji husogea polepole na kina hakibadiliki sana.

Mtega Madema: Naafikiana na aliyetangulia, ila kuhusu tasi nina neno. Samaki huyu hula mwani na nyasi za bahari, akiingia malishoni maji yanapojaa, kwa hiyo usimtegemee sana kwa mshipi. Huku tunampata kwa dema, yaani mtego wa kusukwa unaozamishwa majini. Changu ndiye wako, kwani anapenda kaa na konokono wa baharini. Mtupie ngisi au kamba kwenye kingo za nyasi kuanzia magharibi, saa ambazo hutoka kutafuta chakula. Ukipata wadogo, nakusihi uwarudishe majini wakiwa hai, maana nyasi hizi na mikoko ya Mapopwe humu ghubani ndiyo malezi yao, na tukiwamaliza hapa hatutawaona mwambani.

Mwana wa Marumbi: Niongeze kuhusu masika. Hakuna mto mkubwa unaoingia ghubani, hivyo mvua haichafui maji yote. Baada ya mvua kubwa huwa machafu zaidi upande wa mikoko, nawe unaweza kusogea kuelekea mlangoni kwenye maji maangavu. Rasi ya Michamvi huikinga ghuba upande wa mashariki, lakini haizuii dhoruba fupi inayokuja na wingu la mvua, kwa hiyo mkiona wingu jeusi linapanda, ng'oeni nanga mapema. Kabla ya yote, mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa kamati ya wavuvi ya kijiji, wakueleze sehemu zenye madema, kwani kamba zake hazionekani usiku.