Picha za pilau kwa simu zinatoka njano

Swali: Wakuu, rafiki yangu anapiga picha chakula cha wikendi kwa simu tu, kinatamanisha. Mimi pilau inatoka njano na ukungu juu. Shida nini?

Jibu: Zima taa ya jikoni. Ikichanganyika na mwanga wa dirishani, simu inakosea rangi. Sahani iwe ubavuni mwa dirisha. Upande wenye kivuli simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Gusa skrini penye nyama, kisha shusha mwangaza wa picha kidogo. Flashi usiwashe, mafuta yatang'aa vibaya.

Jibu: Ukungu ni mvuke tu. Futa lenzi kwa kitambaa laini, pilau ipoe kidogo. Ila ikiwa bokoboko hakuna kamera ya kuiokoa. Ili isirojeke: mchele wa basmati vikombe 2 vilivyolowekwa dakika 20, supu vikombe 3.

Muulizaji: Kumbe taa! Shukrani wakuu.