Bakapu ya mtandaoni "bila kikomo" kwa mtu wa Mwanza ni wizi wa mchana, na watu wa intaneti wanajua

Wakuu habari za usiku, naandika nikiwa na hasira kwahiyo lugha ikiteleza mnivumilie.

Hivi kuna mtu yeyote hapa Mwanza, namaanisha mtu wa kawaida wa Igoma, Buzuruga, Nyegezi huko, sio mkubwa wa Capri Point mwenye faiba ya ofisi, ambaye ameshawahi kumaliza kupandisha (kuaplodi) diski NZIMA ya kompyuta kwenye hizi huduma za bakapu za mtandaoni, zile za kukutunzia nakala za mafaili yako? Sio picha za simu, diski. Maana naanza kuamini hayupo, na kwamba kinacholipiwa kila mwaka kwa dola ni yale maneno "bila kikomo" tu basi.

Kazi yangu ni video za harusi. Kichen pati, sendofu, kanisani, ukumbini, kamera mbili tatu pamoja na droni. Kamera ya 4K ikirekodi kwa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) inakula kama GB 45 kwa saa moja, hiyo kamera moja tu, na mnajua wenyewe sherehe zetu, MC akishashika maiki hamna wa kumnyang'anya mpaka wamama wa kamati waanze kukusanya sahani. Wikiendi ikiwa na kazi mbili unarudi na nusu TB (GB 500) mfukoni. Kufuta huwezi, kuna mtu anakuja baada ya miaka miwili anataka kile kipande bibi anacheza kwa sababu bibi keshatangulia, utamwambia nini? Kwahiyo nikalipia huduma, tangazo lao linasema weka chochote, ukubwa wowote, bei ile ile, lala usingizi.

Sasa nigeukie intaneti. Kifurushi kinaitwa "hadi Mbps 20". Hiyo 20 ni ya kushusha, ya kuangalia mpira na Youtube. Ya kupandisha haijaandikwa kwenye bango, haijaandikwa kwenye risiti, ukimuuliza kijana wa mauzo anakuangalia kama umemuulizia jina la mama yake. Nikipima mwenyewe naona 2, tena mida watu wamelala. Na hizo ni megabiti, gawanya kwa 8, unabaki na robo megabaiti kwa sekunde. Nusu TB kwa mwendo huo ni siku 23 usiku na mchana, umeme usiguswe, laini isiguswe, mtoto asichomoe rauta kuchaji simu. TB moja ni mwezi na nusu. Yaani ni kushusha mtumbwi wa dagaa pale Mwaloni kwa kikombe cha chai, na nyuma yake mtumbwi mwingine umeshafika.

Na ukiiachia iaplodi kwa nguvu zote nyumba nzima inazimika, hata WhatsApp haifunguki. Watu wanashangaa kwanini wakati wao wanashusha tu. Kila unachoshusha kompyuta lazima irudishe vijibu vya "nimepokea" kwenda juu, sasa kama njia ya juu imejaa video ya harusi hivyo vijibu vinakaa foleni na kushusha nako kunakufa. Ndo maana mke wangu anaichukia hii huduma kuliko mimi.

Haya, tuseme nina subira. Faili moja la sherehe nililounganisha lina GB 48. Kwa spidi hiyo ni kama masaa 53 mfululizo. Umeme unakatika likiwa limeshapita nusu, unarudi, programu inafunguka, inaanza kukagua diski yote upya (hiyo tu inakula muda wake), halafu faili linaanza SIFURI. Sifuri jamani. Ile data ya siku nzima na bando lake imeenda wapi? Nikawaandikia watu wa bakapu, kakajibu karoboti kwamba nihakikishe intaneti yangu iko imara. Akaja binadamu baadae akaniambia kitu kile kile ila kwa upole.

Na msiniambie haiwezekani kitaalamu. Programu ya rsync ambayo inatuma vile vipande vilivyobadilika tu ipo tangu 1996. Amazon S3, stoo ya mtandaoni ya Amazon, tangu 2010 inakubali faili kubwa likatwe vipande, kila kipande kiende kivyake, kikifeli unarudia hicho hicho. Teknolojia ipo miaka yote hii, hawa wameamua kutoiweka kwa sababu aliyetengeneza programu yao anakaa sehemu ambayo umeme haukatiki. Nimebadilisha jina la folda tu, "HARUSI 2023" ikawa "HARUSI 2023 NYEGEZI", ikaanza kupandisha folda nzima kama vile haijawahi kuiona.

Bado kuna ile ya ekstano. Masharti yao yanasema diski ya nje isipochomekwa siku 30 wanahesabu umeifuta, na wao wanafuta. Mimi ekstano zangu ziko kabatini, ndo kazi ya ekstano, kwahiyo inatakiwa nizizungushe zote kwenye laptopu kila mwezi ili wasinifutie kitu ambacho hata hakijamaliza kupanda. Ukienda shamba Ukerewe ukakaa sana umekwisha.

Hao wa "bila kikomo" wenyewe historia yao tunaijua. Microsoft walitangaza kuifuta kwenye OneDrive 2015, Amazon Drive wakafuata 2017, Google Photos ya bure bila kikomo ikaisha Juni 2021, Dropbox nao 2023 wakasema basi. Microsoft na Dropbox lawama zao zilikuwa zile zile, eti kuna watu wanaweka vitu vingi sana. Si mlisema tuweke!

Na watu wa intaneti nao wana yao. Kifurushi "anlimitedi" ukishapita kiwango fulani kwa mwezi spidi inashushwa, kiwango chenyewe kimeandikwa kwa herufi za sisimizi. Kwahiyo anlimitedi ya huku inakutana na anlimitedi ya kule na katikati yao mimi nina faili moja la GB 48.

Hata wazungu wanajua waya hautoshi. Amazon 2015 walileta Snowball, lilikuwa boksi la kubebea data, ulijaza ukawarudishia kwa wasafirishaji wa vifurushi, yaani data ilipanda gari. Hilo ndo wazo la maana peke yake nimeliona kwenye biashara hii yote. Mtu aweke chumba chenye umeme wa uhakika na faiba ya kueleweka hapa hapa mjini, nimpelekee diski kwa bodaboda, aniaplodie, nimlipe kwa GB. Leo hii nampa hela.

NYONGEZA: naona mmeanza. Anayesema "zipu kwanza", mkuu video ya kamera imeshabanwa tayari, ukiizipu inapungua kiduchu na umepoteza usiku kucha. Anayesema ninunue ekstano ya pili niiache kwa ndugu Pasiansi, ninazo na ziko huko, nyumba zote mbili ziko mji mmoja na vibaka ni wale wale. Anayesema nihamie Dar, sawa, nitumie nauli na kodi ya miezi sita.

Ninachotaka ni namba. Kama uko Nyegezi, Mkolani, Kirumba, popote hapa, na una laini inayopandisha zaidi ya Mbps 10 usiku kucha, weka picha ya kipimo, upande wa kuaplodi uonekane, na useme unalipa shilingi ngapi kwa mwezi. "Iko fasta sana mkuu" bila kipimo sijibu.